Hafai Kutoa

Siku Kidege alipokwenda kupimwa ili ampe dada yake figo moja, muuguzi wa mapokezi alimtazama usoni, akatazama jina la mgonjwa kwenye kompyuta, kisha akasema kwa upole, "Samahani, mama. Mzazi wa umri wako huwa hatumpokei kutoa kiungo. Kwani mgonjwa hana ndugu?"

"Ndugu ndiye mimi," Kidege akajibu. "Tena mimi ndiye mdogo."

Muuguzi akaona haya mpaka akaangusha kalamu. Kidege akacheka ili kumtoa aibuni. Hakuumia sana. Alishazoea kupishwa viti na watu waliomzidi umri. Mwaka huo alikuwa ametimiza hamsini, dada yake hamsini na nne, na mtu yeyote aliyewaona wakitembea pamoja alidhani mwanamke mwenye mali kamtoa mama yake matembezi.

Walizaliwa tumbo moja, wakalala mkeka mmoja. Baba yao alikuwa mchimba visima, na kisima kimojawapo kilimfunika wakati Kidege ana miaka mitatu. Baada ya msiba akaja shangazi yao, aliyekuwa ameolewa na ofisa wa forodha na hakujaliwa mtoto. Akamwambia mama yao, "Wifi, mzigo huu hutauweza peke yako. Nipe mmoja." Alikuwa tayari kumchukua yeyote kati yao. Lakini siku hiyo Kidege alikuwa na homa, kichwa kimejaa vidonda, usaha unamtoka sikioni, na shangazi akaogopa safari ndefu na mtoto mgonjwa. "Huyu akipona nitakuja kumfuata," akasema. Akaondoka na Dada. Kidege alipona, akaumwa tena, akapona tena. Shangazi hakurudi. Hakuwa mwongo, ila dunia ilimshughulisha.

Kwa hiyo Dada akakulia kwenye nyumba yenye maji ya bomba na neti dirishani, akasoma, akawa mhasibu, akaolewa na mhandisi. Kidege akakulia palepale, akiteka maji kwenye mtaro ambao watu wengine walifulia, na jina la Kidege likamganda kwa sababu ya wembamba wake. Wakubwa walimtania kwamba upepo ukivuma afungwe kamba. Alipofika miaka kumi na sita alipata kazi kwenye kiwanda cha udobi kilichofua mashuka ya mahoteli na mahospitali, na pale ndipo alipozeekea.

Ilikuwa kazi ya kusimama. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa na unyevu, wanawake wanane wakayalisha kwenye pasi kubwa ya mvuke, wanne upande huu na wanne ule, wakiyavuta na kuyakunja yakiwa bado yanachoma vidole. Joto la chumba kile lilikuwa la kumkausha mtu kama samaki. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, ufunguo anao msimamizi, na kila aliyeuomba mara ya pili alikatwa mshahara. Basi wanawake wakajifunza kutokunywa maji. Mgeni akianza kazi, wenzake walimnyang'anya chupa yake siku ya kwanza kwa mapenzi mema kabisa: "Acha, mwenzetu, utajitafutia balaa." Na kwa kuwa hakuna mgongo unaovumilia kazi ile, kila mmoja alikuwa na vidonge vyake vya maumivu, vile vyekundu vinavyouzwa viwiliviwili dirishani mwa duka. Waliviita chai ya saa kumi. "Umeshakunywa chai?" mmoja angeuliza, na wote wangejua anasema nini. Kidege alikunywa chai hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Dada naye aliugua, lakini ugonjwa wake ulionekana mapema. Kazini kwao walikuwa wakipimwa kila mwaka, wakitaka wasitake, na mwaka mmoja wakakuta dalili mbaya kwenye mkojo wake hali yeye mwenyewe hajisikii hata uchovu. Akaanzishiwa dawa, akapewa mtaalamu wa chakula, akaambiwa apunguze kazi, akapunguza. Figo zake zikasogezwa hivyo kwa miaka minane kabla hazijashindwa kabisa. Sasa alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na madaktari wakasema njia nzuri ni kupata figo ya ndugu wa damu. Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu.

Dada alimpigia simu akilia. "Mdogo wangu, sijui hata nianze wapi. Ni kitu ambacho mtu hawezi kuomba."

"Usiombe basi," Kidege akamwambia. "Niambie tu nije lini."

Usiku ule alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameulala siku nyingi. Maisha yake yote alikuwa amekwenda kwa Dada kupokea. Hakuwahi kunyimwa kitu pale: alirudi na mfuko wa nguo, viatu vilivyovaliwa mara mbili, nauli kiganjani. Dada alimpa kwa moyo safi, wala hakusimanga. Lakini mtu anayepokea miaka arobaini hujifunza kukaa kwenye ukingo wa kiti. Sasa Kidege alikuwa na kitu ambacho Dada na mumewe hawakuweza kukinunua, na kilikuwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Kesho yake kazini alisimama wima kama askari, mpaka mwenzake akamuuliza, "Vipi leo, umechumbiwa?"

Siku ya vipimo ilikuwa, kusema kweli, kama sikukuu kwake. Alilazwa kwenye kitanda kinachopanda na kushuka chenyewe. Akaletewa chai ya maziwa na biskuti, na biskuti mbili akazitia kwenye pochi kwa ajili ya binti yake. Kisha akaja daktari kijana, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, akavuta kiti na kumuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ulizaliwa na uzito gani, mama?"

"Hakukuwa na mizani, daktari. Ila mama alisema nilienea kwenye kofia ya baba, na nafasi ikabaki."

Daktari akacheka, kisha akaandika. "Utotoni uliumwa nini?"

"Uliza nini sikuumwa, tutamaliza haraka."

Wakaendelea hivyo. Homa, vidonda, koo. Mimba? Tatu. Watoto? Mmoja. Wa kwanza alitoka kabla ya wakati. Wa pili alikufa tumboni, siku ambayo Kidege alivimba miguu na uso, akaanguka pale kiwandani huku macho yamegeuka na mwili unatupatupa.

"Presha walikupima?"

"Walinimwagia maji."

Daktari akaacha kuandika. "Hakuna aliyekufuatilia baadaye?"

"Baadaye nilirudi kazini, daktari."

Alizungumza saa nzima, akajishangaa alivyokuwa na mengi. Alipoinuka alijiona mtu wa maana.

Majibu alipewa wiki iliyofuata, kwenye chumba kidogo chenye maua ya plastiki. Daktari yuleyule alifunga mlango kwanza.

"Mama, hutaweza kumtolea dada yako figo."

"Damu zetu hazipatani?"

"Damu zinapatana vizuri sana. Tatizo ni figo zenyewe. Zimesinyaa zote mbili, na kazi zinayofanya ni ndogo. Presha yako iko juu, na inaelekea imekuwa juu miaka mingi." Akavua miwani. "Nataka unielewe, mama. Wewe ulikuja kama mtoaji, lakini wewe ni mgonjwa."

Kidege alimtazama kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake kwa makosa. "Mimi siumwi," akasema. "Nachoka tu."

Daktari akamweleza polepole. Kukosa maji kwenye joto. Vile vidonge vyekundu. Ile presha ya mimba ambayo haikutibiwa. Huenda hata yale maradhi ya utotoni. Hakuna kimoja peke yake, ila vyote vilishirikiana. Akamwambia aache vidonge tangu leo, anywe dawa za presha kila siku, apunguze chumvi, apate maji, aache kazi ya joto. Akifanya hivyo angeweza kwenda nazo miaka. Asipofanya, mwaka, pengine miwili.

"Dada ataambiwa?"

"Tutamwambia kwamba hufai kutoa. Sababu ni siri yako. Ukitaka ajue, umwambie mwenyewe."

"Msimwambie," Kidege akasema.

Jumapili iliyofuata aliitwa nyumbani kwa Dada. Sebule ile ilikuwa na zulia lililomfanya mtu atamani kuvua viatu hata kama hajaambiwa. Dada alikuwa amejilaza kwenye kochi, mkono wenye bandeji juu ya mto. Shemeji alikuwa amesimama. Alikuwa mtu wa haki, mpole siku zote, lakini miezi ile ilikuwa imemla.

"Shemeji," akaanza, "hospitali wanatuambia hufai kutoa. Basi. Neno moja hilo. Nimeuliza kwa nini, hawasemi."

"Ndivyo walivyoniambia na mimi."

"Hufai vipi? Unasimama kazini kutwa, mashuka unayabeba, hujalazwa hata siku moja. Mke wangu ndiye mgonjwa, wewe uko hivyo hivyo kama tunavyokujua." Akajifuta uso. "Mimi nimeulizia kwa watu. Wanasema mtoaji akiogopa, daktari humsitiri kwa maneno hayohayo. Hafai kutoa. Kama umeogopa, shemeji, sema. Ni haki yako. Lakini usituache tunahangaika na mafumbo."

Kidege akamtazama Dada. Alitegemea Dada aseme, "Mwache," au "Huyu hawezi." Dada alitazama vidole vyake.

Ilikuwa rahisi kusema. Maneno yalimfika ulimini. Lakini akaona jinsi yatakavyosikika kwenye sebule ile: mgonjwa wa pili, mwenye njaa ya dawa, amekuja tena na mfuko wake mtupu, na mara hii anashindana na mwenyeji kwa kuugua. Bora waseme mwoga.

"Nisameheni," akasema. Akaomba ruhusa, akaondoka. Hakuna aliyemkimbilia na nauli.

Miezi miwili Dada hakupiga simu. Kidege aliacha vidonge vyekundu, lakini kazi hakuiacha, kwa sababu chumba walichopanga kililipiwa na mikono miwili, wake na wa binti yake. Binti aliuza vocha za simu barabarani, na alikuwa na mimba changa ya dereva wa malori, ambaye mwanzoni alipiga simu kila siku, halafu kila wiki, halafu akawa hapatikani. Dawa za presha Kidege alinunua za wiki moja, akazigawa zikatosha wiki tatu. Bila vidonge vyekundu mgongo ulimlilia mpaka akawa anauma kitambaa.

Siku moja mchana shuka lilimtoka mikononi, naye akalifuata chini. Wenzake wawili walimleta nyumbani kwa mkokoteni wa nguo chafu, wakipiga mizaha njia nzima ili asione wanavyoogopa. Binti akamlaza, akamkazia macho.

"Mama, mimi si mtoto. Hospitali walikuambia nini?"

Akamwambia yote, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuficha.

 Binti alijifunga kitambaa kichwani, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye geti la Dada, na pale, mbele ya mlinzi, mtunza bustani na majirani wawili, akasema aliyokuwa nayo. "Mama mkubwa, mdogo wako hakukunyima figo! Hana! Zake zimekufa kabla ya zako, na mmekaa mnamwita mwoga!"

Jioni ileile, kabla jua halijazama, gari la Dada likasimama kwenye uchochoro. Hakuwa amefika pale tangu msiba wa mume wa Kidege. Alipita juu ya mtaro akishikilia ukuta, na akalazimika kuinama mlangoni. Akakaa kitandani, maana kiti hakikuwepo. 

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Dada? Kwamba na mimi nataka figo?"

"Ungesema mbele ya mume wangu, pale pale alipokudhalilisha!"

"Na wewe ungesema. Ulikuwepo."

Dada akaanza kulia, kilio cha mtu asiyezoea kulia mbele ya watu, chenye kukwama. "Niliamini," akasema. "Mungu anisamehe, niliamini kwamba umeogopa. Nikawa nakukasirikia usiku na mchana."

"Hasira nayo ni nguvu. Angalau ilikusogeza."

"Usinifanyie mzaha."

"Kwa hiyo tulie wote wawili? Nani atatubembeleza?" Kidege akamshika ule mkono wenye bandeji. "Wamekukataza ndizi?"

"Ndizi, chumvi, maharage, kila kitu."

"Na mimi chumvi. Unaona, mara ya kwanza tumepewa kitu sawasawa."

Dada akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akamtazama mdogo wake vizuri, kama ambavyo hakuwa amemtazama miaka mingi: vifundo vya miguu vilivyovimba, ngozi ya kijivu, meno yaliyobaki. "Ungekuwa wewe," akasema polepole. "Siku ile ya shangazi. Ungekuwa huna homa, angechukua wewe."

"Au angetuchukua wote, au asingekuja. Tutahesabu mpaka lini?"

Kuanzia hapo Dada alibeba matibabu yote ya mdogo wake. Alimpeleka kwa mtaalamu wake, akamnunulia dawa za mwezi mzima kwa mkupuo, akamkataza kwa ukali kurudi kiwandani. Shemeji alikuja kuomba radhi, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, na Kidege akamhurumia. Ila pango lilibidi lipatikane, na kazi ya kiwandani, ukiiacha wiki moja, wapo kumi nje ya lango. Binti akaingia nafasi ya mama yake, upande uleule wa pasi. Kidege alimwambia kila asubuhi, "Kunywa maji. Wakukate mshahara, lakini kunywa." Binti aliitikia. Chupa ilirudi jioni imejaa nusu.

Kwa miezi miwili Kidege alipata ahueni. Uso ulirudiwa na rangi. Alianza kukaa nje na kusuka vikapu.

Kisha Dada akapata figo. Mtoto wa kaka yake Shemeji, kijana mcheza mpira mwenye afya ya kufuru, alijitolea, na familia ikasafiri nje ya nchi kwa upasuaji. Kidege alishinda njaa siku ile akiomba. Upasuaji ulifaulu. Dada alirudi amenenepa mashavu, lakini kulikuwa na dawa za kuilinda figo mpya, za maisha, na bei yake ilimfanya hata Shemeji, aliyekuwa ameshastaafu, auze kiwanja. Pesa za dawa za Kidege zikaanza kuchelewa. Kisha zikaja pungufu. Kisha Shemeji akapiga simu mwenyewe.

"Shemeji, mambo yametubana kidogo. Tuvumilie mwezi huu na ujao."

"Msijali," Kidege akamwambia. "Mwangalieni Dada."

Hakukuwa na chuki kwenye sauti yake, wala hakuwa akijifanya. Aliyajua mahesabu hayo. Angekuwa yeye Shemeji, angefanya hivyohivyo, angemwangalia mke wake.

Binti alijifungua wiki saba kabla ya wakati. Miguu ilimvimba kwanza, kichwa kikamuuma siku tatu, lakini alikwenda kazini siku zote tatu, na siku ya nne uchungu ukamshika kwenye foleni ya choo. Kidege alimkimbiza hospitali ya serikali, akamshika nesi mkono na kumwambia, "Mpimeni presha! Kabla ya kitu chochote, mpimeni presha!" Alipiga kelele mpaka wakampima. Ilikuwa juu mno. Wakampa sindano, na binti akapona. Mtoto naye alipona, wa kike, mdogo kiasi kwamba nepi ilimfika kwapani.

"Huyu anahitaji kifua cha mama yake," nesi akawaambia siku ya kuruhusiwa. "Ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na maziwa ya mama tu. Miezi mitatu asiachwe. Mkimwacha, sitawaficha, hawa huondoka."

Msimamizi wa kiwanda alikuwa ametoa likizo ya wiki mbili, nazo zilikuwa zimeshakwisha.

Wakakaa kitandani chumbani kwao, mtoto kifuani kwa binti ndani ya khanga, kichwa chake kama limau. Binti alikuwa akilia bila sauti. "Nitarudi kazini, mama. Wewe utakaa naye. Nitakamua maziwa."

"Hukumsikia nesi? Kifua cha mama yake."

"Tutakula nini? Tutalala wapi?"

 Kidege aliinuka kwa kushika ukuta, akalivuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa koti lake la kazi la buluu. Akalikung'uta. Lilikuwa limekuwa kubwa mabegani.

"Mama, hapana. Daktari alisema nini? Mama!"

"Daktari alisema mengi."

"Utakufa pale."

"Miezi mitatu," Kidege akasema. "Nitakunywa maji. Nitamwambia msimamizi nina ugonjwa wa sukari, atanipa ufunguo." Wote wawili walijua hatapewa.

Aliinama akamnusa mtoto kichwani, kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri kitu. Mtoto akapiga miayo, mdomo mdogo kama tundu la kifungo. Kidege akamfunika vizuri, akamsogezea binti yake birika la maji karibu ili asilazimike kuinuka. Kisha akavaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja, na kwenda kusubiri zamu ya mchana ifunguliwe.